Pesa ya Ughaibuni Hupotea Inapovuka

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu, kaka zangu na dada zangu, nawashukuru kwa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumzie maisha ya kila siku na akiba kwa mtu anayeishi na kufanya kazi nje ya nchi yake. Najua wapo waliokuja na kalamu wakitarajia niwaambie wapike nyumbani, wapande basi na wanunue nguo za mitumba. Ni kweli tupu, na hakuna hapa asiyeyajua, kwa hiyo nayaacha. Nataka tuzungumze jambo lisilomhusu jirani yako mwenyeji. Yeye hupata, hutumia na huweka akiba kwa sarafu moja, chini ya sheria za nchi moja. Pesa yako wewe inavuka. Inatoka sarafu hii kuingia ile, inatoka benki ya huku kwenda ya kule, inapita kwa mamlaka mbili za kodi, na michango yako ya pensheni inabaki kwenye mfuko ambao ule wa kwenu hauutambui. Kila inapovuka yupo anayekata. Makato yenyewe ni madogo madogo na yamefichwa vizuri, ndiyo maana mtu anaweza kujinyima mwaka mzima na bado asione akiba.

Nianze na kutua, maana wengi huingia kwenye deni ndani ya wiki sita za kwanza na hukaa nalo mwaka.

Mshahara hulipwa baada ya kazi. Ukianza kazi katikati ya mwezi, unaweza kukuta orodha ya mishahara ya mwezi huo imeshafungwa, ukasubiri hadi mwisho wa mwezi unaofuata. Wakati huohuo mwenye nyumba anataka amana, ambayo kwa kawaida huwa kati ya pango la mwezi mmoja na la miezi mitatu, pamoja na pango la mwezi wa kwanza kabla hujakabidhiwa funguo. Kwa hiyo pesa ya kutua ihesabiwe hivi: amana, pango la mwezi wa kwanza, ada za kibali na usajili, na matumizi ya miezi miwili kamili bila mshahara. Asiyekuwa nayo hukopa kwa kadi, na riba ya kadi ndiyo ghali kuliko karibu riba zote atakazokutana nazo. Njia bora ya kupunguza mzigo huo ni kumwomba mwajiri malipo ya awali au msaada wa kuhama kabla hujasaini mkataba. Baada ya kusaini, nafasi yako ya kudai imepungua sana.

Kisha kuna duara linalowachosha wageni wote. Benki inataka anwani. Mwenye nyumba anataka akaunti na hati za mshahara. Mwajiri anataka akaunti ili alipe mshahara. Dawa yake ni barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara na tarehe ya kuanza, pamoja na makazi ya muda yanayokuruhusu kusajili anwani. Swali la anwani ulize kabla ya kulipa, kwa sababu vyumba vingi vya muda haviruhusu. Katika Umoja wa Ulaya upo ulinzi wa kisheria: agizo la mwaka 2014 linampa kila anayeishi huko kihalali haki ya kufungua akaunti ya msingi ya malipo, hata kama hana anwani ya kudumu. Ukikataliwa, taja haki hiyo na uombe sababu ya kukataliwa kwa maandishi. Mara nyingi ombi hilo tu linabadilisha mazungumzo.

Nyumba ndiyo gharama kubwa kuliko zote, na ukikosea hapo huwezi kufidia kwa kubana matumizi madogo. Usipime pango peke yake. Chukua pango, ongeza umeme, maji, joto na ada za jengo, ongeza nauli ya mwezi, ndipo ulinganishe nyumba na nyumba. Nyumba ya mbali yenye pango dogo hushindwa mara nyingi ukishaongeza nauli na bili ya joto ya jengo kuukuu. Kuhusu samani, hesabu ni nyepesi. Tuseme nyumba yenye samani inazidi tupu kwa dola 150 kwa mwezi, na mkataba wako wa kazi ni wa miaka miwili. Hiyo ni dola 3,600. Ukinunua samani zilizotumika kwa 1,800 na kuziuza kwa 600 unapoondoka, umetumia 1,200. Kwa anayekaa miezi sita mambo yanageuka: tofauti ni dola 900 tu, na yenye samani inashinda.

Siku ya kukabidhiwa, piga picha kila ukuta, kila doa, kila kifaa, na namba zilizo kwenye mita zote. Zitume kwa mwenye nyumba kwa barua pepe siku hiyohiyo ili tarehe ijulikane. Amana nyingi hazipotei kwa sababu mpangaji ameharibu nyumba. Zinapotea kwa sababu hawezi kuthibitisha kwamba doa alilikuta. Fahamu pia kwamba katika nchi kadhaa bili ya joto na maji unayolipa kila mwezi ni makadirio tu, na hesabu kamili huja mara moja kwa mwaka, wakati mwingine ikidai pango la mwezi mzima. Weka kando asilimia 10 ya makadirio hayo kila mwezi hadi uone bili ya kwanza. Na tafadhali, usimlipe amana mtu ambaye nyumba yake hujaiona wewe wala mtu unayemwamini. Mwenye nyumba anayedai yuko safarini na atakutumia funguo kwa posta ni tapeli.

Mikataba midogo ina mtego wake. Simu, intaneti, ukumbi wa mazoezi na bima, mingi hujiongeza yenyewe usipotoa taarifa kabla ya tarehe fulani. Siku unayosaini, andika kwenye kalenda ya simu tarehe ya mwisho ya kutoa taarifa, kisha weka ukumbusho mwezi mmoja kabla yake.

Sasa tufike kwenye kutuma pesa, na hapa nitakaa kidogo.

Kutuma pesa kuna gharama tatu, lakini tangazo hukuonyesha moja. Ya kwanza ni ada ya kutuma. Ya pili ni tofauti ya kiwango cha kubadilishia fedha. Ya tatu ni makato ya upande wa kupokea: benki ya kule, benki za njiani, au ada ya kutoa pesa kwa wakala. Ya pili ndiyo kubwa na ndiyo iliyofichwa. Kipimo chako kiwe kiwango cha kati, yaani kilicho katikati ya bei ya kununua na bei ya kuuza katika soko la fedha, ambacho utakiona kwenye intaneti wakati wowote.

Chukueni mfano. Unatuma dola 500, na kiwango cha kati siku hiyo ni 100 za kwenu kwa dola moja. Bila makato yoyote zingefika 50,000. Huduma ya kwanza inatoza ada ya dola 4 na inakupa kiwango cha 97. Zinabaki dola 496, zinafika 48,112. Umepoteza karibu asilimia 3.8. Huduma ya pili inatangaza kwa herufi kubwa kwamba haina ada hata senti, lakini kiwango chake ni 95. Zinafika 47,500. Umepoteza asilimia 5. Rahisi ghali, walisema wahenga, na hawakuwa wameona matangazo ya siku hizi. Ukituma kila mwezi kwa mwaka, tofauti ya huduma hizo mbili ni 7,344 za kwenu. Kwa hiyo swali ni moja tu, nalo lihusu huduma zote dakika ileile: nikitoa kiasi hiki kwenye akaunti yangu, kiasi gani kitafika mkononi kwa mpokeaji? Usilinganishe ada. Usilinganishe viwango. Linganisha kinachofika.

Benki ya Dunia hukusanya gharama hizi nchi kwa nchi, kwa kipimo cha kutuma dola 200. Wastani wa dunia umekuwa ukizidi kidogo asilimia 6, na katika takwimu hizo benki ndizo ghali kuliko njia nyingine. Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa yanataka gharama hiyo ishuke chini ya asilimia 3 ifikapo mwaka 2030. Msimsubiri mtu awashushie. Katika njia nyingi za kutuma, huduma za chini ya asilimia 3 tayari zipo bega kwa bega na za asilimia 8, na tofauti ni kwamba mteja wa ile ghali amezizoea foleni za dirisha lilelile.

Ada isiyobadilika huadhibu kiasi kidogo. Kwenye huduma yetu ya kwanza, ukituma dola 100 mara tano badala ya 500 mara moja, unalipa dola 4 mara tano, na zinafika 46,560 badala ya 48,112. Kwa hiyo tuma mara moja kwa mwezi kwa tarehe inayojulikana. Faida nyingine ya tarehe ni kwamba nyumbani hupanga matumizi yao kwayo, na simu za katikati ya mwezi hupungua. Angalieni pia siku ya wiki. Masoko ya fedha hufungwa mwishoni mwa wiki, na baadhi ya huduma huongeza tofauti ya kiwango Jumamosi na Jumapili ili kujikinga. Jumanne asubuhi ni wakati mzuri kuliko Jumamosi usiku.

Unapolipa kwa SWIFT, mtandao unaounganisha benki za nchi mbalimbali, kwa mfano karo ya chuo, utaulizwa makato yalipwe na nani. OUR maana yake mtumaji analipa yote. SHA maana yake mnagawana. BEN maana yake yanakatwa kwa mpokeaji. Ukichagua SHA kulipa karo, benki ya njiani inaweza kukata chake, chuo kikapokea pungufu, na jina la mwanafunzi likabaki kwenye orodha ya wadaiwa kwa deni la dola 20. Kwa malipo yanayotakiwa kufika kamili, chagua OUR.

Makosa ya namba nayo yana gharama. IBAN, yaani namba ya akaunti ya kimataifa, haizidi herufi na tarakimu 34, na tarakimu mbili zinazofuata herufi za nchi ni za ukaguzi, kwa hiyo ukikosea tarakimu moja mfumo mara nyingi hukataa palepale. Nchi zisizotumia IBAN hazina kinga hiyo, na pesa inaweza kwenda kwa mtu mwingine kabisa au kurudi baada ya wiki mbili ikiwa imekatwa pande zote mbili. Kwa mpokeaji mpya, tuma kwanza kiasi kidogo, thibitisha kimefika, ndipo utume kikubwa. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho chake, majina yote, si lile la utani mnalomwita nyumbani.

Na mkitaka kutuma kiasi kikubwa kwa mara ya kwanza, labda cha kiwanja, mjue sheria za kuzuia utakatishaji fedha zinaweza kuisimamisha pesa hiyo hadi ueleze imetoka wapi. Hakuna anayekuonea. Andaa mapema hati za mshahara za miezi sita, taarifa ya akaunti na mkataba wa mauziano, uziwasilishe kabla hujabonyeza kutuma. Anayesubiri aulizwe hukaa wiki nzima huku muuzaji akitafuta mnunuzi mwingine.

Kadi ni kivuko kingine. Ukiwa safarini, mashine itakuuliza kama unataka kulipa kwa sarafu ya hapo au kwa sarafu ya kadi yako. Swali lina sura ya ukarimu. Chagua sarafu ya hapo, kila mara, bila kufikiri. Ukichagua yako, anayebadilisha ni mwenye mashine, kwa kiwango anachojipangia, na asilimia kadhaa zimekwenda. ATM hufanya vivyo hivyo kwa kukuonyesha kiasi kilichokwisha kubadilishwa na kitufe kikubwa cha kukubali. Kataa ubadilishaji, pesa itatoka vilevile. Na msitoe pesa taslimu kwa kadi ya mkopo, kwa sababu riba huanza siku ileile bila muda wa neema.

Sasa, akiba yenyewe ikae wapi na kwa sarafu gani? Hapa naomba tutofautiane na ushauri wa vijiweni, kwamba weka nyumbani kwa sababu riba ni kubwa. Tuseme benki ya kwenu inakupa asilimia 10 kwa mwaka, na katika mwaka huo sarafu yenu ikashuka asilimia 12 dhidi ya sarafu unayolipwa. Chukua 1.10 zidisha kwa 0.88, unapata 0.968. Umepoteza asilimia 3.2 huku ukisoma ujumbe wa kukupongeza kwa riba. Haimaanishi msiweke nyumbani kamwe. Kanuni ninayoitetea ni kwamba akiba ikae kwenye sarafu ya kile itakacholipia. Dharura ya huku, sarafu ya huku. Karo ya kule ya muhula ujao, sarafu ya kule. Nyumba utakayojenga baada ya miaka minane haina sababu ya kubadilishwa leo, isipokuwa unanunua leo kitu chenyewe, kama kiwanja au vifaa visivyoharibika.

Akiba ya dharura ya mgeni ni lazima iwe nene kuliko ya mwenyeji, kwa sababu akipoteza kazi anaweza kupoteza na kibali. Nchini Marekani, mwenye H-1B, viza ya kazi za kitaaluma, akiachishwa kazi hupewa hadi siku 60 kutafuta mwajiri mwingine au kubadili hali yake ya uhamiaji. Katika siku hizo analipa pango bila mshahara na huenda akalipa mwanasheria. Lengeni matumizi ya miezi sita pamoja na tiketi za kurudi kwa familia nzima, kwenye akaunti ya huku unayoweza kuitoa siku hiyohiyo. Kiwanja si akiba ya dharura.

Angalieni pia pesa imelindwa na nani. Katika Umoja wa Ulaya amana za benki zina kinga hadi yuro 100,000 kwa mtu kwa kila benki, na Marekani hadi dola 250,000. Programu nyingi za simu za kutunza na kubadilisha pesa si benki. Pesa ya wateja hutakiwa kutengwa, lakini bima ya amana kwa kawaida haiigusi. Tumieni programu hizo kupitishia pesa, si kulazia.

Namna ya kuweka ni moja inayofanya kazi: agizo la kudumu la benki linalohamisha pesa siku moja baada ya mshahara kuingia, kwenda akaunti isiyo na kadi. Anayeweka kinachobaki mwisho wa mwezi, habaki na kitu.

Nije kwa familia, ambako hesabu na mapenzi vimechanganyika. Siwezi kumwambia mtu amtumie mama yake kiasi gani. Naweza kusema kwamba mahitaji ya nyumbani yagawanywe mafungu mawili: la kila mwezi, linalojulikana na pande zote, na la dharura, ambalo unalijaza kidogo kidogo na lina mwisho wake. Likiisha, jibu ni kwamba limeisha hadi mwezi ujao, na jibu hilo ni rahisi kulitoa ukiwa umelitaja mapema. Karo ilipwe shuleni moja kwa moja na bili ya hospitali ilipwe hospitalini. Sisemi hivyo kwa kumtilia shaka ndugu yeyote. Pesa iliyopita mikono mitatu hukutana na shida tatu njiani, na zote ni za kweli.

Kwa wanaojenga wakiwa mbali, sikilizeni vizuri, maana akiba ya miaka kumi humalizikia hapo. Kabla ya kulipia kiwanja, fanya upekuzi kwenye ofisi ya msajili wa ardhi kupitia mwanasheria asiyeletwa na muuzaji. Kabla ya kuanza ujenzi, mlipe mkadiriaji majenzi akuandikie mchanganuo wa vifaa: mifuko mingapi ya saruji, nondo za unene gani, tofali ngapi. Bila karatasi hiyo huna kitu cha kulinganisha na madai utakayotumiwa. Lipa kwa hatua: msingi, boma, kupaua, kumalizia. Hatua mpya isilipiwe hadi fundi mwingine, asiye wa kazi hiyo, aikague ile iliyokwisha na akutumie picha na vipimo. Vifaa vilipiwe dukani kutoka akaunti yako, na risiti iwe na jina lako. Msimamizi asiwe ndiye muuzaji wa mchanga, wala asiwe fundi mkuu. Tenga asilimia 15 juu ya makadirio, kwani bei hupanda kati ya msingi na paa. Na kama unampa mtu hati ya uwakilishi, iandikwe kwa tendo moja linalotajwa na iwe na tarehe ya mwisho. Hati isiyo na mipaka ni ruhusa ya kuuza ulichonacho.

Kodi. Wengi wamekariri siku 183 za mwaka, wakiamini kwamba ukikaa katika nchi chini ya hizo haikudai kodi. Siku ni kigezo kimojawapo tu. Nchi mbili zinaweza kukudai kwa pamoja: moja kwa sababu ya siku, nyingine kwa sababu nyumba na familia vipo kwake. Palipo na mkataba wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili, na mingi hufuata kielelezo cha OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi ambazo nyingi ni tajiri, huulizwa kwa mpangilio: nyumba yako ya kudumu iko wapi, kisha maslahi yako ya maisha yamejikita wapi, kisha kwa kawaida unaishi wapi, kisha uraia wako. Msamaha haujileti. Unatakiwa kuuomba, kwa kawaida ukiwa na cheti cha ukaazi wa kikodi kutoka nchi moja kwenda ya pili. Marekani na Eritrea huwadai raia wao hata wakiishi kwingine, na mwenye wajibu wa kikodi Marekani ambaye akaunti zake za nje kwa jumla zimezidi dola 10,000 wakati wowote ndani ya mwaka lazima azitaje kwenye fomu ya FBAR, hata kama hadaiwi kodi. Anayewaza kunyamaza kuhusu akaunti ya nchi nyingine ajue kwamba chini ya mfumo wa OECD uliopitishwa mwaka 2014, nchi nyingi zilianza kubadilishana taarifa za akaunti mwaka 2017, na leo zinazoshiriki zimezidi 100.

Pensheni na kiinua mgongo ndiyo pesa inayosahaulika kuliko zote. Kila mwezi inakatwa, haionekani, na mtu akiondoka anaiacha. Kule Japani, mgeni aliyechangia angalau miezi sita na asiyefikia sifa za pensheni anaweza kudai mkupuo, lakini aombe ndani ya miaka miwili tangu alipoacha kuwa na anwani huko, na hesabu yake ina ukomo wa miaka mitano ya michango. Ujerumani, raia wa nchi zisizo na makubaliano maalumu aliyechangia chini ya miezi 60 anaweza kudai sehemu yake baada ya kusubiri miezi 24 nje ya Umoja wa Ulaya. Anarudishiwa mchango wake, wa mwajiri haurudi. Lakini msikimbilie kudai. Ukirudishiwa, miaka hiyo inafutwa. Palipo na makubaliano kati ya nchi mbili, au ndani ya Umoja wa Ulaya chini ya kanuni namba 883 ya mwaka 2004, miaka ya nchi moja hujumlishwa na ya nyingine ili ufikie sifa ya pensheni, na huenda ikawa na thamani kubwa kuliko huo mkupuo.

Kwa wa Umoja wa Falme za Kiarabu, kiinua mgongo cha mgeni kwa kawaida huhesabiwa kwa siku 21 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, kisha siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Sikieni neno msingi. Wawili wanapokea dirham 6,000 kila mmoja. Mkataba wa mmoja unasema msingi 3,000 na posho 3,000. Wa mwingine, msingi 4,800 na posho 1,200. Baada ya miaka mitano wa kwanza anaondoka na dirham 10,500 na wa pili na 16,800, kwa kazi ileile na mshahara uleule. Mgawanyo huo unajadiliwa siku ya kusaini tu.

Bima nitaipitia haraka. Bima ya safari haimfai mkaazi, kwani nyingi huisha baada ya siku 30 au 90 na hukataa ugonjwa uliokuwepo kabla. Kwenye bima ya afya soma kiasi unachojilipia mwenyewe kabla bima haijaanza, muda wa kusubiri kwa uzazi, na kama inalipia kusafirisha mwili. Hilo la mwisho hatupendi kulisema, lakini jumuiya zetu huchangishana kila mara kwa sababu halikusomwa.

Laini ya simu ya nyumbani nayo ni mali. Namba za siri za benki ya kule zinaingia humo, na kampuni za simu hufunga laini isiyotumika. Iwekee salio dogo na uitumie mara kwa mara, au hamishia uthibitisho kwenye programu ya benki kabla ya kusafiri. Laini ikifungwa, namba hupewa mtu mwingine, na kuirekebisha akaunti mara nyingi kunahitaji ufike tawini mwenyewe.

Nimalizie na kuondoka, kwa kuwa mpangilio wake hukosewa. Watu hufunga akaunti ya benki kwanza na kusubiri amana ya nyumba baadaye. Fanyeni kinyume. Toa taarifa kwa mwenye nyumba na kwenye kila mkataba kwa maandishi. Jifute kwenye usajili wa wakaazi na uchukue cheti, kwa sababu baadhi ya mikataba huvunjika mapema kwa cheti hicho na mfuko wa pensheni utakitaka. Soma mita mbele ya mwenye nyumba na mtie saini wote wawili. Wasilisha ritani ya mwisho ya kodi, au mwachie mtu mamlaka ya kuiwasilisha. Aliyefanya kazi sehemu tu ya mwaka mara nyingi amekatwa zaidi ya anachodaiwa, na pesa hiyo hurudi miezi kadhaa baadaye. Akaunti ibaki wazi hadi amana, kodi na bili ya mwisho ya joto vimekamilika, nayo isajiliwe anwani mpya na namba ya simu itakayofanya kazi uendako. Kabla ya hapo pakua taarifa zote za akaunti na hati zote za mshahara, miaka yote, uzihifadhi mahali pawili. Mlango wa mwajiri wa mtandaoni hufungwa siku yako ya mwisho ya kazi, na wa benki siku akaunti inapofungwa.